TV Inayowaka Ikipenda: Ijue Shida Yake Kabla Hujatuma Pesa kwa Fundi

Simu ya kwanza ya Jumatatu hiyo iliingia kabla hatujamaliza chai. Mteja wetu, mama mwenye mkahawa mdogo karibu na steji huko Githurai, alitaka tumrudishie shilingi 8,500. Alikuwa amezituma mara mbili kwa nambari moja: 4,500 kwanza, kisha 4,000. Tukamuuliza swali tunalomuuliza kila mtu, kama alikosea nambari. Akajibu, "Nambari sikukosea, kijana wangu. Nilikosea fundi."

Tulicheka, naye akacheka kidogo, lakini jambo lenyewe halikuwa la kuchekesha. TV yake ya inchi 43 imetundikwa juu ya kaunta, na jioni za mechi ndiyo inayomjazia viti. Watu wanakuja kutazama mpira, wanaagiza chai na chapati kwa madondo, na mechi ikiingia dakika za nyongeza wanaagiza tena. TV ikizima katikati, wanahamia kwa jirani ambaye yake inawaka, wengine vikombe vyao havijalipiwa.

Kuhusu pesa, jibu letu lilikuwa fupi na halikumpendeza. Huduma ya kurudisha muamala iko kwa ajili ya mtu aliyetuma kwa nambari isiyo sahihi. Ukimtumia mtu uliyekusudia kumtumia, halafu kazi yake ikakuangusha, hilo si kosa la muamala. Ni ugomvi kati ya mnunuzi na muuzaji, na sisi hatuwezi kuingia kwenye akaunti ya mtu tukachukua pesa kwa neno la upande mmoja. Ebu fikiria mambo yangekuwaje kama tungeweza: hata wewe ungelipwa asubuhi na kunyang'anywa jioni.

Tukabaki na swali. Ilikuwaje mama mwangalifu hivyo, ambaye hata deni la andazi moja analiandika, akalipa 8,500 kwa TV ambayo haijapona? Jibu liko kwenye aina ya ugonjwa wenyewe. TV iliyokufa kabisa haimdanganyi mtu. Ile inayowaka leo na kukataa kesho huwadanganya wote, mwenyewe na fundi pia. Wengi wetu tunalipa baada ya kusema "iwashe nione". Ikiwaka, tunatoa simu mfukoni. Kwa ugonjwa huu, kuwaka kwa dakika tano mbele yako hakuthibitishi kitu, kwa sababu hata kabla haijapelekwa kwa fundi ilikuwa ikiwaka, ikipenda.

Bahati nzuri mwenzetu mmoja kwenye meza ya wateja aliwahi kufanya kazi ya kutengeneza redio na TV kabla ya kuajiriwa hapa. Mengi ya haya tunayoandika ni yale aliyomweleza mama huyo kwa simu siku ile, pamoja na tuliyojifunza baadaye TV ilipopata mtu wa kuitibu.

Anza kwenye soketi

Kabla ya kumwita yeyote, hakikisha TV inapata stima vizuri. Ni jambo dogo, lakini halina gharama. Itoe TV kwenye ekstensheni uichomeke moja kwa moja kwenye soketi ya ukutani, ikiwezekana ya chumba kingine, na uiache hapo siku mbili tatu. Ikitulia, basi mgonjwa ni ekstensheni. Zile za bei rahisi vyuma vyake vya ndani hulegea haraka, hasa kama pasi na jagi la maji huchomekwa hapo kila asubuhi. Ukiona alama ya kuungua kwenye plagi, au ukisikia soketi inatoa mlio kama mafuta yanayokaanga, usiijaribujaribu. Zima stima ya upande huo na umwite fundi wa umeme.

Angalia pia nyuma ya TV. Nyingi zina waya wa stima unaochomoka, na TV iliyotundikwa ukutani waya wake huning'inia na kujivuta polepole mpaka ukabaki umeshikilia kwa ncha. Usukume uingie hadi mwisho. Kama una waya mwingine wa aina hiyo hiyo, hata wa redio, badilisha uone.

Halafu kuna kile kidude cha kulinda TV tunachokiita gadi. Stima ikipotea na kurudi, gadi haipitishi umeme papo hapo. Inangoja kwanza, sekunde kadhaa au dakika kadhaa kulingana na ilivyoundwa, ili stima itulie. Tena hukata yenyewe ikiona volti zimeshuka sana au zimepanda sana. Kwa hivyo TV inapokataa kuwaka, tazama taa za gadi kabla ya kutazama TV. Kuna watu wamebeba TV kwa bodaboda hadi kwa fundi, kumbe gadi ilikuwa inafanya kazi yake.

Na stima yenyewe je? Kenya tunatumia volti 240. Nyuma ya TV kuna kibandiko, na TV nyingi za kisasa zimeandikwa kwamba zinakubali volti 100 hadi 240. Maana yake TV ya namna hiyo huvumilia kushuka kwa stima kuliko friji. Kama saa moja jioni balbu zinafifia mtaa mzima, hiyo ni shida ya laini na inafaa kuripotiwa Kenya Power kwa 97771 au *977#. Lakini kama balbu zinang'aa sawasawa na ni TV pekee inayozima, usiwasumbue watu wa stima. Shida iko ndani ya TV.

Mama wa Githurai alibadilisha soketi, akabadilisha waya, akaiweka TV bila gadi siku mbili. Hali ikawa ile ile.

Taa ndogo nyekundu

TV ikiwa imechomekwa na haijawashwa, ile taa ndogo ya chini inakuambia kama sehemu moja ya ndani iko hai. Bodi ya pawa, ile inayopokea stima ya ukutani na kuigeuza kuwa volti ndogo za kuendesha TV, ina upande ambao haulali. Upande huo hutoa volti ndogo, mara nyingi 5 hivi, usiku na mchana, ili TV iweze kusikia rimoti. Ukibonyeza rimoti, bodi kuu ya TV huiamuru bodi ya pawa iamke yote na itoe volti kubwa zaidi, kama 12 au 24, za kuendesha sauti na mwanga wa kioo.

Ukishajua hivyo, taa inaanza kusomeka. Kama haiwaki kabisa, na soketi ni nzima, stima inakwama mapema: waya, swichi, fyuzi ya ndani, au bodi ya pawa. Kama inawaka imetulia lakini TV haiitikii rimoti, jaribu kwanza kitufe cha kwenye TV yenyewe, maana huenda ni betri za rimoti tu. Ikipepesa, au TV ikaanza, ikatoa mlio wa "tk", ikazima, ikaanza tena, kuna volti isiyotosha mahali fulani au TV inajikinga na hitilafu iliyoiona. TV nyingine huhesabu: hupepesa mara kadhaa, hutulia, hurudia. Hesabu hizo uziandike, kwa sababu kwa baadhi ya aina za TV idadi hiyo humwambia fundi aanzie wapi.

Kuna hali moja inayochanganya watu sana: sauti ipo, picha haipo. Hapo zima taa za chumba, shika tochi ya simu karibu kabisa na kioo, uimulike kwa kuinamisha. Ukiona picha hafifu ikisogea kwa ndani, TV yako inafanya kazi ila taa za nyuma ya kioo hazipati umeme au zimeungua. Huo ni ugonjwa mwingine na bei yake ni nyingine. Mtu akikuambia ubadilishe bodi kuu kabla ya kufanya hata jaribio hili la tochi, muulize ameonaje.

Inaumwa na baridi au na joto?

Hili ndilo swali tunalotaka ulikumbuke kuliko yote. Ugonjwa wa kuja na kuondoka huwa na saa zake, na saa hizo mara nyingi hufuata joto.

TV ya mama ilianza kusumbua mwezi wa saba, ile baridi ya Nairobi na viunga vyake inapokaza. Asubuhi akiiwasha, taa inapepesa, "tk, tk", inakataa. Anaiacha imechomekwa, anapika chai. Baada ya dakika kumi, ishirini, inawaka, na ikishawaka haizimi tena hadi usiku anapofunga. Kila siku muda wa kungoja ukawa unaongezeka. Mwenzetu aliposikia hivyo alisema, "Hiyo ni kapasita," na hakuwa anatabiri.

Kapasita ni vile vikopo vidogo vya mviringo vinavyosimama kwenye bodi ya pawa. Kazi yake ni kutunza umeme na kuutoa ukiwa laini, kama tangi la juu ya nyumba linavyofanya maji yatoke sawasawa hata presha ya bomba ikicheza. Aina inayotumika hapo ina majimaji ndani. Miaka ikipita, joto la TV huyakausha. Kapasita iliyokauka hushindwa kulainisha umeme, hasa ikiwa baridi. Ikipata joto kidogo inajikaza na kufanya kazi tena, ndiyo maana TV huwaka baada ya kungojewa. Mafundi na waunda vifaa wana kanuni moja ya kukadiria: kila ukipunguza joto la kapasita kwa nyuzi 10 za Selsiasi, maisha yake huongezeka karibu mara mbili. Kwa hivyo TV iliyobanwa kwenye kabati lisilo na hewa, au iliyotundikwa juu ya jiko la chapati, inazeeka mbio. Mama alikuwa ameitundika juu ya kaunta, na jiko liko nyuma ya kaunta. Tulimwambia. Akanyamaza kidogo, kisha akasema chapati haziwezi kuhama.

Mambo yakiwa kinyume, yaani TV inawaka vizuri ikiwa baridi halafu inazima baada ya nusu saa, fikiria kiungo kilicholehemiwa kikapasuka ufa mdogo, au kifaa kinachoshindwa kikipata moto. Chuma kikipata joto hutanuka, ufa ukafunguka, umeme ukakatika. Na ile TV inayowaka ukiipiga kofi? Hicho ni kiungo kilicholegea, au waya wa ndani ambao haujakaa. Kofi hutibu kwa siku moja, na kila siku huongeza ufa. Tafadhali wacha.

Na kwa vile tunaandikia nyumba za Kenya, tuseme na mende. Bodi ya pawa ina joto la kupendeza, na mende huhamia humo, hufia humo, na uchafu wao ukishika unyevu hupitisha umeme pasipotakiwa. Wenzetu wa Mombasa, Kilifi na Lamu mnaongezewa hewa ya chumvi, inayokula viungo vya lehemu taratibu.

Sasa, ili usimpelekee fundi maneno matupu, weka rekodi. Mama ana daftari la madeni ya wateja wake, akatumia kurasa za mwisho. Kwa siku tano aliandika saa aliyowasha, TV ilichukua dakika ngapi kuwaka, taa ilifanya nini, na kama ilizima tena mchana. Siku ya kwanza dakika 14. Siku ya tano dakika 26. Mchana akiizima kwa makusudi na kuiwasha baada ya dakika tano, inawaka mara moja. Ukurasa huo mmoja ulikuwa na thamani kuliko zile 8,500. Na kama unaweza kuchukua video ya simu TV ikikataa, chukua, kwa sababu hakuna kitu hupona haraka kama TV iliyofikishwa mlangoni pa fundi.

Usiifungue mwenyewe

Tunajua kwenye intaneti kuna video za watu wakifungua TV mezani na kubadilisha kapasita kwa dakika nane. Hatukushauri, na si kwa sababu tunakuona huwezi. Kwenye bodi ya pawa kuna kapasita moja kubwa upande wa stima ya ukutani ambayo hujaa zaidi ya volti 300, na inaweza kubaki na umeme huo hata baada ya kuchomoa waya. Fundi anajua kuimaliza nguvu kabla ya kugusa. Pia kama TV bado iko ndani ya warantii, usimruhusu yeyote kuifungua, hata jirani mwenye ujuzi. Rudi dukani na risiti. Kama ulilipa kwa simu na risiti ya karatasi ikapotea, taarifa yako ya miamala itaonyesha tarehe, kiasi na jina la duka.

Fundi wa pili

Fundi wa kwanza hatumwiti mwizi. TV ilifika kwake saa nane mchana, jua likiwa kali. Ikawaka. Hakuwa na kitu cha kupima, kwa hivyo akakisia, na kisio lake likawa bodi kuu, ile wengi wanaiita madabodi. Akataka 4,500 za kununulia. Siku ya tatu akaiwasha mbele ya mama, saa saba mchana, ikawaka. Mama akatuma 4,000 zilizobaki. Asubuhi ya kesho yake, "tk, tk". Kosa la fundi, kwa maoni yetu, halikuwa kutoona ugonjwa. Kosa ni kuuza kisio kwa bei ya uhakika.

Fundi wa pili, ambaye mama alielekezwa na mteja wake mwingine, alisoma daftari kwanza. Akasema TV ilale kwake. Akalipisha 500 za kuichunguza, na akaeleza mapema kwamba 500 hizo ni zake hata kama mama ataamua asitengeneze. Hilo sisi tunaliona sawa kabisa. Kutafuta ugonjwa ni kazi, na fundi asiyelipwa kuutafuta atajilipa kwa kukuuzia bodi.

Saa kumi na mbili asubuhi, TV ikiwa baridi, akaweka mita kwenye ile volti ya 5 isiyolala. Kando ya soketi za bodi volti huwa zimechapishwa, kwa hivyo fundi hakisii: pameandikwa 5, mita inapaswa kusoma 5. Ilisoma chini ya 4 na ilikuwa inachezacheza. Kisha akachukua blower ya kukaushia nywele, akapuliza joto kwenye kapasita mbili za upande huo kwa muda mfupi. Volti ikapanda, TV ikawaka. Hapo hakukuwa na haja ya kubishana. Kapasita moja ilikuwa imevimba kichwa, kama kopo la maziwa lililoharibika. Nyingine ilikuwa imekaa sawa kwa macho lakini mita ilionyesha nayo imechoka. Ndiyo maana fundi anayeangalia uvimbe peke yake huacha nusu ya ugonjwa ndani.

Alibadilisha zote mbili. Za zamani zilikuwa za maikrofaradi 1000 na volti 10. Aliweka za maikrofaradi 1000 na volti 16, za kuvumilia nyuzi 105. Ukitaka kumfahamu fundi wako, muulize hapo: maikrofaradi zinabaki zile zile, volti zinaweza kuzidi lakini zisipungue, na joto lisiwe chini ya la mwanzo. Kwa kapasita hizo na kazi yake alidai 1,200.

Si kila TV itaponea kapasita. Kama bodi yote ya pawa imeungua, huko Luthuli Avenue na kwa mafundi wa mitaani zinapatikana bodi zilizotolewa kwenye TV zilizopasuka kioo, na ni njia nzuri. Sharti ni nambari iliyochapishwa kwenye bodi yenyewe ilingane, maana TV za jina na modeli moja zinaweza kuwa na bodi tofauti ndani. Na kwenye TV nyingi ndogo za siku hizi, pawa na bodi kuu zimeunganishwa kuwa bodi moja. Hapo fundi akikuambia unabadilisha yote, anaweza kuwa anasema kweli.

Pesa itoke lini

Sasa tuje kwenye eneo letu. Mama alilipa mara mbili kabla ya ugonjwa kujulikana na kabla ya dawa kujaribiwa. Tungependa ulipe tofauti.

Ada ya uchunguzi itoke kwanza, na iwe ndogo. Pesa ya vipuri itoke baada ya fundi kukuambia ni kipuri gani na amekipimaje. Ile iliyobaki itoke baada ya TV kulala na kuamka. Kama ugonjwa ni wa baridi, TV iwashwe asubuhi mbili bila kuguswa usiku. Kama ni wa joto, iwake saa mbili au tatu mfululizo. Mwambie fundi hivyo siku ya kwanza, si siku ya kuchukua, asije akaona unamkwepa. Fundi mzuri hatakasirika. Na wewe ukishaona imepona, tuma bila kumzungusha, kwa sababu yeye naye ana kodi ya kibanda.

Makubaliano yaandikwe, hata kwa meseji: TV ya inchi ngapi, shida ni nini, kipuri gani kinabadilishwa, jumla ni ngapi, na akirudiwa na shida ile ile ndani ya muda gani ataitazama bure. Omba urudishiwe kipuri cha zamani pia. Meseji ya namna hiyo ina nguvu. Sheria ya Kulinda Watumiaji ya mwaka 2012 inasema makubaliano yakiwa na makadirio ya bei, muuzaji hawezi kukutoza zaidi ya makadirio hayo kwa kupita asilimia 10. Alisema 3,000? Basi 4,500 bila wewe kukubali mabadiliko ni tatizo lake.

Fundi akiwa na nambari ya till, lipa hapo badala ya nambari yake binafsi. Kabla ya kuweka nambari yako ya siri, soma jina linalojitokeza. Kama ni la duka au kibanda ulichosimama mbele yake, endelea. Kama ni jina la mtu usiyemjua, simama uulize. Till haimfanyi mtu kuwa fundi hodari, tusidanganyane, lakini inaacha alama: jina la biashara, tarehe, saa, kiasi. Ujumbe wa uthibitisho usiufute hadi miezi michache ipite. Ukiufuta, taarifa ya miamala bado unaipata kutoka kwetu.

Na kama mambo yameshaharibika? Anza na fundi mwenyewe, ukiwa na meseji mkononi. Akikataa kabisa na kiasi kinakuuma, ipo Mahakama ya Madai Madogo. Inasikiliza madai yasiyozidi shilingi milioni moja, huhitaji wakili, na sheria inataka kesi iamuliwe ndani ya siku 60 tangu ifunguliwe. Ushahidi utakaoulizwa ni ule ule tuliotaja: nani alilipwa, lini, ngapi, kwa kazi gani.

Onyo moja, kwa sababu limewapata watu wakiwa na hasira ya pesa zao. Ukilalamika hadharani kwamba unatafuta kurudishiwa pesa, anaweza kukupigia mtu akijiita mhudumu wetu, akiahidi kuzirudisha sasa hivi ukimpa nambari yako ya siri au nambari iliyoingia kwa meseji. Sisi hatuulizi nambari ya siri. Kata simu, utupigie wewe.

Mama alirudi kwa fundi wa kwanza akiwa na kapasita mbili za zamani kwenye bahasha na meseji mbili za malipo kwenye simu. Hawakugombana. Fundi alikubali kwamba hakupima, akamrudishia 3,000 siku hiyo na akaahidi nyingine mwisho wa mwezi. Tulipozungumza na mama mara ya mwisho, hizo nyingine zilikuwa bado. Ile bodi kuu ya zamani hakuipata, maana hakuwa ameomba kuachiwa.

Fundi wa pili alilipwa Jumamosi saa kumi na mbili na dakika arobaini asubuhi, kwa till. TV ilikuwa imelala kwenye mkahawa usiku wa pili mfululizo, na mama aliiwasha kabla hajawasha jiko. Iliwaka mara moja. Alituma 1,200, akatupigia kutuambia, na tukamsikia kwa nyuma mtu akiuliza mechi ya leo ni saa ngapi. Sasa anatafuta seremala wa kuihamisha TV hadi ukuta wa mbele, mbali na moshi wa chapati.